Nafasi ya Sefu

Tarehe 15 Machi 1959, katika siku za mwanzo za Ramadhani, mdogo wangu Sefu alifariki kwa homa hospitalini Mombasa, akazikwa huko huko jioni ile ile. Sisi Mkwaja tulipata habari siku ya tisa. Hatukumwosha, hatukumbeba, hatukutia udongo. Aliacha mama, aliniacha mimi, na aliacha kiti kimoja katika darasa la maafisa wa manowari.

Kiti hicho nakitaja pamoja na wafiwa kwa sababu ndicho nilichokuwa nakifikiria. Wenzangu mmeniuliza mara nyingi yaliyonipata katika safari yangu ya Tanga, na kila mara nimejibu, "Salama tu." Haikuwa salama tu. Nimeona niandike mara moja, msome, kisha tuzungumze mengine.

Sefu nilimpita miaka minane. Baba alikuwa na uwezo wa kusomesha mtoto mmoja, basi mimi nilitolewa shule nikiwa darasa la nne, nikaingizwa kwenye mashua zinazopeleka marobota ya mkonge melini. Sefu alipelekwa Tanga kwa shangazi akasoma mpaka darasa la kumi. Toka hapo akaingia kwenye manowari za serikali zilizoko Mombasa. Maafisa wa manowari zile ni Wazungu watupu hadi leo, lakini mwaka juzi lilifunguliwa darasa dogo la Waafrika watatu, wafundishwe kazi ya uafisa: kuongoza meli kwa dira na nyota, kujua sheria za bahari, kuamrisha watu bila kupiga kelele. Atakayeshinda wenzake katika mtihani atapelekwa Ulaya kumalizia masomo. Sefu alikuwa mmoja wa hao watatu.

Bahari aliijua kwa mkono wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kuogelea, kufunga kamba na kushika usukani. Barua zake zilipokuja, majirani walijaa ukumbini kusikiliza, na msomaji nilikuwa mimi. Nilisoma sifa za mdogo wangu kwa sauti yangu mwenyewe, mama akilia kwa furaha. Nilimwonea wivu akiwa hai. Nilidhani akifa nitapumzika, na hilo nalo naliandika kwa kuwa ni kweli. Sikupumzika.

Kwetu mtu akifa, ndugu yake hushika mahali pake. Hushika shamba, hushika mke, hata zamu ya kuadhini. Basi ilipokuja barua kwamba manowari ya mafunzo itatia nanga Tanga toka Jumanne mpaka Alhamisi, na kwamba jamaa wa marehemu waende wakachukue sanduku lake, mama alinituma sanduku. Mimi nilikwenda kuomba nafasi.

Mkwaja mpaka Bweni

Niliondoka Jumapili baada ya sala ya alfajiri, kwa miguu, na mihogo ya kuchemsha ndani ya kikapu. Masika yalikuwa hayajaisha. Nilivaa shati jeupe alilonipa Sefu likizo yake ya mwisho, lenye vifungo vya shaba vilivyochorwa nanga. Nilijiambia nalivaa kwa ajili ya msiba.

Kipumbwi nilikwama. Mto Msangazi ulikuwa umepanda hadi kwenye minazi, na mwenye mtumbwi wa kuvusha alikuwa amekaa juu ya mtumbwi wake uliopinduliwa, anatafuna muwa.

"Leo simvushi mtu," alisema.

"Nina safari ya msiba, bwana."

"Ndiyo maana. Msiba mmoja unatosha."

Nikalala Kipumbwi, na kesho yake nikashinda kwenye jiko la mama mmoja, Bi Mwanahawa, aliyekuwa akiuza chakula kwa wavukaji. Alinipikia bada, ugali wetu wa muhogo, na mchuzi wa kolekole. Aliponiuliza ni mtoto wa nani, nikamtajia baba, halafu nikamtajia Sefu.

"Sefu yule afisa?"

"Alikuwa bado mwanafunzi, mama."

"Afisa," alisema, akaniwekea kichwa cha kolekole kizima. "Maskini mtoto yule. Alipita hapa mwaka jana, kanishika mkono huu kwa mikono miwili, 'Shikamoo bibi,' na viatu vyake vinang'aa kama kioo. Na wewe mwanangu, kazi yako nini?"

"Mashua za mkonge."

"Aa," alisema, akageukia chungu chake.

Watu wamenitukana maishani mwangu na nimesahau. Ile "aa" sijaisahau. Kichwa cha samaki nilikila chote.

Jumanne mto ulishuka, nikavushwa, nikatembea bila kupumzika, na magharibi ikanikuta Bweni. Nilivuka mto Pangani kwa kivuko cha mwisho.

Pangani

Pangani mbaya nilikuwa mimi, mji hauna kosa.

Niliingia mgahawa wa mzee aitwaye Nassoro, karibu na soko. Aliviona vifungo vyangu kabla hajaniona uso. "Karibu, karibu bwana afisa! Nyie, mpisheni bwana afisa!" Watu wakasogea. Nikawekewa pilau ya mbuzi na kachumbari, na ndizi mbivu pembeni. Nilitaka kusema. Naapa nilifungua mdomo, lakini kilichotoka ni "Bismillahi."

Walinizunguka na maswali. Mtu akiwa katikati ya bahari haoni nchi kavu, anajuaje alipo? Nikawajibu yale aliyoyaandika Sefu kwenye barua: kwamba kuna chombo cha kupimia urefu wa jua adhuhuri, na saa ambayo hairuhusiwi kukosea, na hesabu ya kurasa mbili. Nilisema vizuri. Mtu mmoja alisema, "Subhanallah, mtoto wa kwetu!" Ile nusu saa ilikuwa tamu, wala sitawadanganya.

Nilipomaliza kunawa nikasema, "Mimi si afisa. Aliyekuwa akisomea uafisa ni mdogo wangu, naye amekufa Ramadhani. Mimi ni mtu wa mashua."

Nassoro alinitazama, akaitazama sahani.

"Na hayo ya jua na saa?"

"Niliyasoma kwenye barua zake."

"Mungu amrehemu," alisema. "Lakini ndugu yangu, habari hiyo ungeileta kabla ya nyama."

Wakacheka, wengine kwa huruma, wengine siyo. Alikataa kupokea pesa yangu. Nilitamani angekubali.

Hapo ndipo nilipoambiwa kwamba barabara ya pwani kwenda Tanga haipitiki, daraja moja limechukuliwa na maji. Njia iliyobaki ni kuzungukia Muheza, nako kunakwenda lori la mkonge tu.

Lori la Muheza

Tuliondoka Jumatano asubuhi, watu saba juu ya marobota. Kabla ya jua kuwa kali lori lilizama kwenye tope mpaka tumbo, tukashuka wote kukata matawi ya kutia chini ya magurudumu. Kibarua mmoja wa mashambani, Mnyamwezi aitwaye Mihayo, aliniuliza kabila langu.

"Mzigua."

"Lo! Mtumwa wangu!" Alitupa panga lake akanikumbatia na tope lote. "Jamani, mtumwa wangu huyu amevaa shati jeupe na mimi bwana wake nimevaa gunia! Sukuma, mtumwa!"

Mnajua Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Nikamwambia kwamba Wanyamwezi tuliwanunua kwa chumvi, tena chumvi yenyewe ilikuwa na mchanga. Akafurahi sana. Kisha akanichungua.

"Lakini unatania kama mtu anayeumwa jino. Umefiwa?"

"Na mdogo wangu."

"Vizuri. Wazigua mlizidi, mlikuwa mnatubana."

Mama mmoja aliyekuwa amebeba kuku alishtuka. "We mwanamume, huna haya? Mtu amefiwa!"

"Mama, huyu mtani wangu. Nyie mmeshampa pole siku zote hizi, imemsaidia nini? Mtazame."

Ni kweli nilikuwa nacheka. Ilikuwa mara ya kwanza toka Ramadhani, na kucheka kulinilegeza ulimi. Tulikaa pale mpaka alasiri tukisubiri lori jingine lituvute, naye alinikamua yote. Nilipomwambia nafuata sanduku, alisema, "Sanduku tu? Mtu hapandi lori la mkonge na shati la pasi kwa ajili ya sanduku." Ndipo nikamwambia kwamba nakwenda kuomba nafasi ya Sefu katika darasa la maafisa.

Mihayo alicheka mpaka akakaa kwenye tope.

"Unakwenda kumrithi! Aliacha mjane?"

"Hakuoa."

"Basi utarithi kiti. Kitakupikia? Kitakuzalia?" Alipangusa machozi. "Mtumwa wangu, ulikuwa unamwonea marehemu kijicho."

"Ndiyo."

"Hata sasa?"

"Hata sasa."

Aliacha kucheka. Alichukua panga lake akaanza kukwangua tope miguuni mpaka lori la pili lilipofika.

Muheza nilinunua machungwa kumi na mawili ya kumpelekea afisa mwalimu wa Sefu. Mihayo aliingiza mkono kikapuni akatoa sita bila kuuliza, kama ilivyo haki ya mtani. Akanivua na kofia yangu akaivaa. "Hii ya msiba wako," alisema. "Ukipata kiti, njoo uidai." Akaenda zake na kofia ilikuwa ndogo kwake.

Muheza mpaka Tanga

Gari la moshi la jioni lilikuwa limeshapita. Nililala nyumbani kwa fundi cherehani karibu na stesheni, mtu mwema aliyenipa mkeka na uji. Alhamisi gari lilichelewa kwa sababu ambayo kila mtu stesheni aliielewa kwa namna yake. Mmoja alisema mti umeanguka, mwingine alisema dereva. Nilisimama jukwaani na machungwa yangu sita, nikihesabu saa. Manowari ilikuwa iondoke saa kumi alasiri. Kama ningeikosa, ningerudi kwa mama bila sanduku, na ningerudi mashuani kama nilivyotoka.

Nilishuka Tanga saa tano na nusu. Sikupumzika kwa shangazi wala sikula. Nilikwenda moja kwa moja ufukweni, nikaiona: ya kijivu, nyembamba, safi kupita kiasi, imetia nanga mbali kidogo na matishari ya mizigo. Mzee mmoja aitwaye Kombo alikuwa akipeleka watu kwa kimashua chake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unakwenda kuuza machungwa?"

"Nakwenda kuchukua vitu vya mdogo wangu. Alikuwa akisomea uafisa."

Alipiga kasia mara mbili tatu, kisha akasema, "Huyo alikuwa Sefu. Niliwahi kumpeleka. Alinishika mkono kwa mikono miwili."

Hata Tanga.

Ndani ya manowari

Nilipokewa na afisa mwalimu mwenyewe, Mzungu mrefu mwenye masikio mekundu. Alipokea machungwa kwa heshima, akasimama wima aliponipa pole. Kiswahili alikijua, ila alikitoa kama mtu anayepita kwenye mawe ya mto.

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu toka Mkwaja. Nikasema, "Bwana, nimekuja kuomba nafasi ya ndugu yangu."

Uso wake ulilainika. "Ndiyo. Kabisa. Njoo."

Nilimfuata ngazi mpaka ngazi, nikijiuliza kama ni rahisi kiasi hiki, kwa nini watu hawaji. Tulifika kwenye chumba chembamba chenye vitanda vya chuma vilivyobebana. Aliweka mkono juu ya kitanda cha chini, akainamisha kichwa.

"Nafasi ya ndugu yako," alisema. "Alilala hapa. Kaa, omba. Mimi ngoja nje."

Alidhani nimekuja kuomba dua mahali alipolala. Kitandani palikuwa na blanketi la mtu mwingine, limekunjwa vizuri. Sikuwa na la kufanya. Niliinua mikono nikamsomea Sefu Fatiha, na ile ndiyo dua pekee niliyoisoma kwa moyo mzima safari nzima, labda kwa kuwa sikuwa nimeipanga.

Nilipotoka nikamweleza tena, polepole. Kwamba kwetu ndugu hurithi. Kwamba nimekuwa baharini miaka kumi na minane. Kwamba nataka kiti chake darasani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka, na ningependelea angecheka.

"Una miaka mingapi?"

"Thelathini na mbili."

"Shule?"

"Darasa la nne. Na chuoni nimehitimu msahafu."

Alifikiri kidogo. "Nikuulize moja. Wewe unakwenda hivi, meli nyingine inakuja hivi, uso kwa uso. Unageuka wapi?"

"Inategemea upepo uko upande gani, bwana. Aliye upande wa upepo ndiye—"

"Hapa mashine," alisema taratibu, akagonga ukuta wa chuma. "Mashine haina upande wa upepo. Wote wawili wanageuka kulia. Kila siku kulia." Akanigusa bega. "Wewe baharia, naona. Lakini hii nafasi hairithiwi. Na tayari ina mtu. Mutua, Mkamba. Alikuwa baharia wa sitahani miaka minne, sasa nimemwingiza darasani."

Mkamba. Mtu wa Machakos, ambaye mpaka akiwa na miaka ishirini maji mengi aliyoyaona yalikuwa ndani ya mtungi. Ndivyo nilivyojiambia.

Mutua ndiye aliyeniletea sanduku, pamoja na mwenzake mmoja, Mgiriama aitwaye Charo. Mutua alikuwa mtu mpole, mnene wa shingo, na hilo lilinichukiza zaidi, maana nilitaka awe na kiburi. Waliniketisha kwenye meza ya darasa wakanipa chai. Kisha Mutua akatoa daftari jeusi.

"Kaka, tuna shida. Masomo yote ya mwaka mzima Sefu aliyaandika humu kwa Kiswahili, kwa maneno ya mabaharia wa pwani. Wenzake walikuwa wakielewa kwake kuliko kwa vitabu. Mimi nimeingia juzi, mtihani ni mwezi wa saba. Lakini ameandika kwa herufi za Kiarabu. Hakuna anayeweza kusoma."

"Alifanya makusudi," Charo alisema. "Nilimwambia, andika kizungu sote tusome. Akanambia, 'Mkitaka kusoma mtaniita.' Basi twamwita kila siku, haitiki!"

Nikamtambua mdogo wangu. Wivu haukuwa wangu peke yangu nyumbani kwetu.

"Wewe huzijui herufi hizi?" Mutua aliuliza.

"Sizijui," nilisema.

Nilisema hivyo nikimtazama machoni. Yule aliyewasomea barua za Sefu nyinyi nyote, aliyehitimu msahafu. Sizijui. Mutua alishusha pumzi, akalifunga daftari, akaliweka juu ya sanduku. "Basi libaki kwa mama," alisema.

Nikainuka niondoke. Nilipoinama kushika sanduku, niliona maandishi ya rangi nyeupe juu ya kifuniko, mwandiko wa Sefu wa toka utoto, na kabla sijajizuia nikayasoma kwa sauti: "'Sefu bin Rajabu wa Mkwaja. Usifungue, nakuona.'" Nikacheka, maana ndivyo alivyoandika hata kwenye kopo lake la gololi.

Kisha nikainua kichwa.

"Kumbe wasoma," Charo alisema.

Mutua alinivutia kiti tena, akachonga penseli.

Nikasoma. Kwa saa mbili nilisoma nao wakaandika. Palikuwa na taa za meli, honi za ukungu, namna ya kumkemea baharia bila kumvunjia heshima mbele ya wenzake. Maneno mengi yalikuwa yangu, nilikuwa nikimfokea nayo Sefu mashuani, sasa ni somo. Charo akasema kwa utani, "Sasa Mutua atatushinda sote. Ulaya yake hiyo, na makoti yake!" na Mutua akatabasamu akitazama chini, kama mwali.

Nilikuwa nimefika ukurasa wa bildi. Bildi ni lile dude la risasi lililofungwa kamba, linalotupwa majini kujua kina. Yangu ina mafundo tu. Yao ina alama za kuhesabia pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, na Sefu alikuwa ameziandika zote: pima mbili, ngozi yenye ncha mbili, pima tatu, ngozi yenye ncha tatu, pima tano, kitambaa cheupe, pima saba, kitambaa chekundu.

Nilisoma: "Pima tano, kitambaa chekundu. Pima saba, kitambaa cheupe."

Siwezi kusema ulimi uliteleza. Mimi ni mtu wa bahari, nilijua ninachofanya. Mwenye kuona kitambaa cheupe akadhani ana pima saba, naye ana tano, ataipandisha meli mwambani na watu wake.

Penseli ya Mutua ilisimama. Aliniangalia kidogo, kisha akaandika. "Endelea, kaka," alisema.

Nikaendelea mpaka mwisho, na hayo mengine yote niliyasoma sawasawa. Alinifungia daftari kwenye karatasi, akaniteremshia sanduku kwa kamba mpaka kwenye kimashua cha mzee Kombo. Aliponiaga alinishika mkono kwa mikono miwili. Sijui kama alijifunza kwa Sefu.

Kurudi ufukweni

Hatukuwa tumefika mbali mnyororo wa nanga ulipoanza kupanda. Mzee Kombo alipumzisha makasia meli ipite. Ilikuja polepole karibu nasi, na ubavuni mwake, juu ya kibao kidogo kilichotokeza nje, mtu alikuwa amefungwa mkanda kiunoni, anaizungusha bildi na kuitupa mbele. Alikuwa Mutua. Maafisa walikuwa juu wakimsikiliza.

Nilisimama. Kimashua kikayumba.

"Kaa chini!" mzee Kombo alipiga kelele. "Utatuzamisha, mwendawazimu!"

"Mutua!" niliita. "Nyeupe ni tano! Nilisoma vibaya! Nilisoma vibaya makusudi!"

Alikuwa anavuta kamba. Kitambaa cheupe kilikuwa juu tu ya maji, kinachuruzika. Alinitazama kutoka kule juu, wala hakukunja uso.

"Najua, kaka," alisema, kwa sauti ya kawaida. "Bildi nimeitupa miaka minne. Nyeupe niliandika tano."

Kisha akageuza uso kwa maafisa wake, akaita kwa Kiingereza, kwa sauti kubwa na safi, pima tano. Meli ikapita, mawimbi yake yakatupiga.

"Haya, umeshasema," mzee Kombo aliniambia. "Sasa kaa."

Nikakaa.